Kampuni mseto za bima na kilio cha mtaji mara mbili

Kila viwango vya mtaji vinapopandishwa, kampuni mseto, yaani zinazouza bima ya maisha na bima za kawaida chini ya leseni moja, huja na lalamiko lile lile: kwa nini sisi tutozwe mara mbili? Sheria ya Nigeria ya mwaka 2025 inadai naira bilioni 10 kwa kampuni ya maisha na bilioni 15 kwa bima za kawaida, na anayefanya yote hujumlisha, 25. Umoja wa Ulaya nao hujumlisha. Sakafu, yaani mtaji wa chini kabisa unaoruhusiwa, ya bima ya maisha ni yuro milioni 4.0, ya bima za kawaida ni 2.7, lakini hupanda hadi 4.0 kampuni ikikatia bima ya dhima, yaani ya kuwalipa watu wengine walioumizwa au kuharibiwa mali, ikiwemo dhima ya magari. Kwa hiyo kampuni mseto inayokatia dhima ya magari huanzia milioni 8.

Lalamiko hilo si la kupuuzwa. Vifo vya wateja na ghala kuungua havifuatani, na mwaka mbaya wa upande mmoja mara nyingi huwa wa kawaida upande wa pili. Ofisi ni moja, kompyuta ni zile zile. Tena sakafu ni kiasi kisichobadilika, kwa hiyo kampuni changa huumia kuliko kongwe.

Ila wanabisha hodi nyumba isiyo yao. Nafuu wanayoidai ipo, na hutolewa ngazi ya juu. Chini ya kanuni za Ulaya za Solvency II, mtaji kamili hupimwa kwa hasara ambayo, kwa uhakika wa asilimia 99.5, haitapitwa ndani ya mwaka, na humo uhusiano kati ya hatari ya maisha na ya bima za kawaida umewekwa sifuri. Hatari ya maisha ikiwa milioni 30 na ya upande wa pili 40, watakwimu bima hawaandiki 70. Huzidisha kila moja kwa yenyewe, 900 na 1,600, wakajumlisha na kupata 2,500, ambayo kipeuo chake cha pili ni 50. Milioni 20 zimeshasamehewa hapo. Kima cha chini cha mtaji, ambacho hakishuki chini ya ile sakafu na hupimwa kwa uhakika wa asilimia 85 tu, hujibu swali jingine kabisa: siku mdhibiti anapofikia kufuta leseni, kila kundi la wateja limebakiwa na nini?

Na makundi hayo hayafanani hata kidogo. Mwenye bima ya maisha hulipa miaka 20 kabla ya kudai, na fedha zake hulala hapo zikionekana. Mwenye gari hulipa kwa mwaka mmoja, lakini dai la mtu aliyejeruhiwa linaweza kumalizika mahakamani miaka minne baadaye, wakati bei aliyotozwa ilishapitwa. Ada za magari zikishuka kwa ushindani, upungufu huanza kuzibwa kimyakimya. Kwanza ni mkopo wa ndani: fedha za maisha hulipa gereji, na kwenye vitabu vya maisha huonekana kama mali, "tunadai upande wa pili". Kisha jengo moja la ofisi huhesabiwa kama mtaji wa mifuko yote miwili.

Njia ya tatu ndiyo ngumu zaidi kuibaini: mgawanyo wa gharama za pamoja. Tuseme bima ya maisha huleta 60 katika kila 100 ya ada. Gharama zikigawanywa kwa ada, mfuko wa maisha hubeba asilimia 60 ya mishahara na kodi ya pango. Lakini nenda kaunta uone nani wamejaa: wanaohuisha bima za magari, wenye ripoti za ajali, wakaguzi na bili za gereji. Gharama zikigawanywa kwa kazi iliyofanyika, sehemu ya maisha inaweza kushuka hadi 30. Hakuna aliyeiba, na jumla ya mizania haitikisiki. Kinachopungua ni bonasi, yaani sehemu ya faida anayoongezewa mwenye bima ya maisha, naye hana njia ya kujua.

Ndiyo maana kujumlisha bila kutenganisha hakutoshi. Chukua kampuni yenye mtaji wa milioni 9.0, sakafu yake ikiwa 8.0. Kwa jumla imefaulu. Fungua mifuko: bima za kawaida 7.5, maisha 1.5. Sheria ya Ulaya hutaka kila upande ufikie kima chake, na upande uliopungua huchukuliwa hatua hata kama mwenzake ananeemeka. Wanaotaka sakafu moja husahau pia kwamba mbadala halisi wa kujumlisha ni kuvunja kampuni iwe mbili, zenye bodi mbili na wakaguzi wawili, na sakafu mbili palepale. Ulaya yenyewe haitoi leseni mpya za mseto, isipokuwa maisha kuunganishwa na ajali na ugonjwa.

Ukuta huo kati ya mifuko miwili una mlango pia. Mtaji wa ziada juu ya vima vyote viwili unaweza kutumika upande wowote kufikia mtaji kamili, mradi mdhibiti ajulishwe. Na upande ukipungukiwa, mdhibiti anaweza kuidhinisha uhamisho. Katika kampuni yetu, milioni 2.5 zingehama kwa idhini na kuandikwa vitabu vyote viwili: bima za kawaida zibaki na 5.0, maisha ifike 4.0.