Elfu tano kwa mwezi: mhudumu wa afya mtaani bado anajitolea?

Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, yaani wahudumu wanaotembelea kaya mtaani na vijijini, katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Kila mmoja alipangiwa mkoba wenye mashine ya presha, kipimio cha sukari, kipimajoto na mizani, pamoja na simu ya kusajili kaya. Posho ikawa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Tangu hapo swali halijatulia: waajiriwe, au waendelee kujitolea na kupewa kifuta jasho?

Wanaotetea kujitolea wana hoja nzito. Mpango huu ulipoanza mwaka 2006, wazo lilikuwa jamii imchague jirani yake yenyewe kwenye baraza. Mama wa Mukuru aliyekosa kliniki ya ujauzito, au kijana aliyeacha dawa za kifua kikuu katikati, atamkwepa mtu wa serikali, lakini si rahisi kumkwepa anayechota naye maji kwenye kioski kimoja. Wanahofia kwamba mshahara utamgeuza jirani kuwa karani. Halafu kuna hesabu. Watu 100,000 kwa 5,000 ni bilioni 6 kwa mwaka. Ukiwalipa 15,000, kiasi ambacho hakifiki hata kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa Nairobi, unahitaji bilioni 18. Na hizo bilioni 6 zenyewe haziji kwa wakati. Malalamiko ya posho kuchelewa yamesikika kaunti baada ya kaunti.

Mimi nadhani mjadala wa fedha umeanzia pabaya. Tuanze na kazi yenyewe.

Mhudumu mmoja hupewa takriban kaya 100. Kijijini idadi hiyo ni vilima na vijito vya kuvuka. Pale Pipeline, Embakasi, kaya 100 zinaweza kuenea katika ploti moja au mbili, na kwenye karatasi inaonekana rahisi. Ila wapangaji wako viwandani tangu alfajiri, kwa hiyo nyumba zinapatikana jioni na Jumapili, wakati mhudumu naye ana watoto wa kupikia. Anapanda ngazi zisizo na taa hadi ghorofa ya saba. Mwisho wa mwezi baadhi ya aliowasajili wamehama, na wapya hawamjui. Huko Karen, mtaa wa matajiri, tatizo ni jingine kabisa: mhudumu hapiti getini. Mpango uliopimwa kwa kaya hauoni tofauti hizi. Kinachopaswa kupimwa ni saa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wahudumu hawa walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa, mafunzo na majukumu, na likaonya dhidi ya kuwalipa kwa kutegemea zaidi malengo waliyotimiza. Onyo hilo la pili ndilo tunalolisahau. Ukimlipa mtu kwa idadi ya kaya zilizoingizwa simuni, utapata kaya zilizoingizwa simuni.

Ujirani pia hukata kuwili. Vijiti vya kupimia sukari vikiisha, au mgonjwa wa presha akielekezwa kituoni akakuta dawa hakuna, lawama haziendi wizarani. Zinagonga mlango wa mhudumu usiku huohuo, kwa sababu anajulikana anakoishi. Mlango huohuo ndio unaogongwa uchungu ukimshika mjamzito saa nane za usiku, na nauli ya kwenda hospitali ya uzazi ya Pumwani mara nyingi hutoka kwenye pochi yake. Msimamizi aliye juu yake, mwajiriwa wa kaunti, huona kwenye mfumo nani hajatuma ripoti. Nani amechoka, au nani amezika mtoto wa kaya aliyokuwa akiitembelea, mfumo hausemi.

Kipimo changu cha kujitolea ni hiki: mtu anaweza kusema leo siwezi? Wakati wa mafuriko ya 2024, waliojitolea na Msalaba Mwekundu huko Mathare walistahili jina hilo. Mwenye orodha ya kaya, ripoti ya kila mwezi na msimamizi wa kumuuliza ni mfanyakazi wa muda. Basi apewe mkataba wa muda, wenye saa zilizowekewa mpaka, tarehe ya malipo isiyosogea, na nauli ya rufaa za usiku nje ya posho.

Hoja moja ya wapinzani bado inanisumbua. Mkataba ukija, vyeti vitafuata, na orodha za wanasiasa nyuma yake. Yule mama aliyechaguliwa barazani miaka mingi iliyopita, asiye na cheti cha kidato cha nne, atakuwa wa kwanza kuachwa. Kwa hiyo uchaguzi wa barazani ungeandikwa ndani ya mkataba wenyewe, na waliopo waingie kwanza bila kuombwa vyeti. Kama kaunti haiko tayari kwa sharti hilo, afadhali ibaki na posho, na ipunguze kazi ifikie kiwango cha 5,000.