Siri ya maisha marefu? Waulizeni na waliokufa

Mtu akitimiza miaka 100 tu, hakosi wa kumsogezea kipaza sauti: "Siri yako ni nini?" Mzee wa watu atataja mboga za majani, sala, kutoweka kinyongo. Nasi tunasambaza. Waliokula mboga hizo hizo wakafa na miaka 50 nani amewahoji? Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122, alivuta sigara miaka mingi. Na hiyo tuiandike kwenye orodha ya siri?

Mzee simlaumu. Ninachokichukia ni ile hukumu inayofuata kimyakimya: aliyekufa mapema hakujitunza.

Mwaka 1967 watafiti walianza kuwafuatilia wanaume waliofanya kazi serikalini, London. Si wachimba migodi hao. Ni watu wa ofisini, mshahara wa uhakika, matibabu ya umma. Baada ya miaka kumi ikaonekana kwamba walio ngazi ya chini kabisa, wakina tarishi, walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wakurugenzi wao. Tena haikuwa juu na chini tu. Kila ngazi ilizikana zaidi ya ile iliyo juu yake. Mtasema sigara. Ndiyo, wa chini walivuta zaidi. Lakini mtafiti Michael Marmot na wenzake walipoiweka kando, pamoja na presha na mafuta kwenye damu, sehemu kubwa ya pengo ilibaki pale pale. Utafiti wao wa baadaye ukagusa jambo ambalo kila aliyewahi kuamrishwa kutwa nzima analijua: kukosa kauli juu ya kazi yako kunaumiza moyo, moyo huu huu wa nyama.

Haya, sigara hukata takriban miaka 10, iacheni. Kurithi maumbile ya wazazi nako kumo. Wanawake huishi kuliko wanaume karibu kila nchi, pamoja na mizigo yote wanayotwishwa.

Lakini Marekani, utafiti wa mwaka 2016 ulikuta wanaume walio katika asilimia moja ya matajiri kabisa wakitarajiwa kuishi karibu miaka 15 zaidi ya asilimia moja ya maskini kabisa. Mboga gani hiyo?

Halafu wakubwa wanakaa kikao, wanapandisha umri wa kustaafu kwa wote sawasawa, eti siku hizi watu wanaishi sana. Watu gani? Tarishi anakatwa mchango kila mwezi, anafia mlangoni mwa kustaafu, na mfuko unaendelea kumlipa mkurugenzi wake.