Vyura wa Nyuma ya Dirisha

Tangu mvua za masika zilipoanza mwezi Machi, dimbwi lililotuama kwenye kiwanja kisichojengwa nyuma ya nyumba yetu hapa Dar es Salaam limekuwa makao ya vyura ambao, ifikapo saa mbili usiku, huanza kukoroma kwa kupokezana hadi alfajiri. Wanaopiga kelele ni madume wanaoita majike, na niliwahi kummulika mmoja kwa tochi nikaona koo lake limevimba kama puto. Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea kana kwamba mimi ndiye niliyevamia nyumbani kwake. Aliyesema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji hakika hakuwa na chumba cha kulala kinachopakana na dimbwi. Linaloniudhi zaidi ni kule kunyamaza kwao kwa ghafla, wote kwa pamoja, mlinzi wa mtaa anapopita: usingizi huninyemelea, na kabla sijafumba macho vizuri mmoja huanza, wa pili humjibu, na jeshi zima hufuata. Jirani ananiambia nishukuru kwa kuwa wanakula wadudu, ilhali mbu wa chumbani mwangu hawajapungua hata mmoja, na mwenye kiwanja, ambaye ameombwa mara tatu achimbe mtaro, analala mtaa mwingine.