Mtani akinitukana, usinionee huruma

Wageni wakija huku Iringa wanashangaa vitu vingi, saa zetu zinazoanza kuhesabiwa jua likichomoza, salamu ndefuuu kabla hujauliza bei ya nyanya, mtu anakula halafu anamkaribisha kila anayepita hata asiyemjua, lakini hayo yote wiki mbili tatu washazoea. Kitu ambacho sijaona mzungu akikizoea haraka ni utani. Na sisemei utani wa kuchekeshana tu, nasemea ule wa kabila kwa kabila, mtu anakuponda mbele za watu na wewe unacheka mpaka basi.

Kuna siku nilikuwa pale Ipogolo na dada mmoja wa Kijerumani alikuja kujitolea, basi la kutoka Songea likasimama, konda Mngoni akatoa kichwa dirishani akaanza: "Wahehe pandeni, ila mbwa tunamchaji kama mzigo na ni marufuku kumla njiani!" Mama mmoja muuza vitunguu wala hakugeuka, akajibu, "Kanyamaze huko, babu yako alivyotukimbia aliacha ngao, mpaka leo tunafunikia mtungi." Halafu akamfuata konda mlangoni akampokonya soda mkononi, akainywa yote, akamrudishia chupa. Watu hoi. Yule dada akaninong'oneza eti tufanye nini, tuite polisi au? Nikamwambia hao ni watani, wameulizana hali hapo.

Sasa ukitaka kumwelewesha inabidi urudi nyuma kweli kweli. Wangoni walipanda kutoka kusini kabisa mwa Afrika, wakafika huku, na miaka ya mwisho ya 1870 hadi mwanzoni mwa 1880 wakapigana na Wahehe vita vya kuuana haswa, Mkwawa naye, yule mtemi wa Wahehe, ndo alikuwa anachukua utawala kipindi hicho hicho. Hakuna aliyemmaliza mwenzake. Wazee wanasema mkishapimana nguvu mkashindwana kilichobaki ni kutaniana, na mimi naona ni akili kubwa sana ile, maana wangeweza kabisa kuturithisha chuki. Sio utani wote umetokana na vita lakini, wa Wanyamwezi na watu wa pwani kama Wazaramo umetokana na misafara, watu walikuwa wanapita kwenye nchi za wenzao na mizigo mabegani, wanahitaji maji, wanahitaji pa kulala.

(Nyumbani napo kuna wa babu na mjukuu. Babu anamwita binti wa miaka mitano "mke wangu", bibi naye anamwita "mke mwenzangu" na anamwambia aende akampikie mumewe. Jaribu kumtafsiria hiyo Mjerumani ukiwa peke yako.)

Ila utani wenyewe utaujulia msibani. Mtani anaingia watu wanalia, yeye kavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai deni lake la pombe ya ulanzi. Wakati mwingine anashuka kaburini analala humo, hatoki mpaka apewe chochote, na mfiwa ambaye hajala tangu jana unamkuta anacheka machozi yakimtoka. Mgeni anaona ukatili. Hajaona kwamba huyo huyo ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi, akapasua kuni, akachota maji, na akamlazimisha mjane anywe uji.

Ndo maana siku hizi nikiingia mtandaoni naona vichekesho vya Mhehe na mbwa, Mhehe na kamba ya kujinyonga, vinatoka kwa watu ambao sio watani zetu kabisa, yaani hata Makambako hawajafika, wananiboa. Na hiyo ya kamba ndo inanikera zaidi, watu wanafiwa kweli kwa njia hiyo. Mngoni anisimange atakavyo, siku nikifiwa atakuja na jembe. Wewe uliyekaa na simu yako mbali huko utakuja na nini? Kwa hiyo mgeni akiniuliza kama huu sio ubaguzi namwambia aangalie nani anasema, na siku ya shida huyo anayesema anakuwa wapi.

Kuna kitu nakipinga hata kwa watani wenyewe lakini, hii tabia mpya ya kumbana mfiwa hela nyingi. Zamani ilikuwa kuku, au hela kidogo ya kuchekesha watu, sasa hivi mtu kalala kaburini anataja laki na namba ya simu ya kutumiwa, jeneza linasubiri juani na mchungaji anaangalia saa. Huo sio utani, hiyo ni biashara. Nimewaambia watani zangu wa Songea waache, wakanijibu vizuri tu, siku yangu ikifika watadai mara mbili na risiti watampa mke wangu.