Kutetemesha bomba ili lipitishe joto: wapi kunalipa, wapi hakulipi

Ingiza mguu kwenye beseni la maji ya moto, kisha utulie. Baada ya muda unavumilika. Utikise kidogo tu, unaungua upya. Maji ni yale yale, ila utando wa maji yaliyopoa uliokuwa umeizunguka ngozi umetawanyika.

Utando huo, ambao mwanafizikia Mjerumani Ludwig Prandtl aliueleza mwaka 1904, ndio unaowanyima usingizi waunda vibadilisha joto, yaani vifaa vinavyohamisha joto kutoka kimiminika kimoja hadi kingine kupitia ukuta wa bomba. Shaba hupitisha joto kwa takriban wati 400 kwa mita kwa kila digrii; maji yaliyotulia, 0.6 tu. Ndiyo maana wazo la kuutetemesha ukuta wenyewe wa bomba, ili utando huo utawanyike, lina mashiko.

Chukua bomba lenye kipenyo cha milimita 20, maji yakipita sentimita 5 kwa sekunde. Ukilitetemesha mara 50 kwa sekunde, milimita 1 kila upande, ukuta unafikia kasi ya sentimita 31 kwa sekunde, mara sita ya mwendo wa maji. Hapo utando unavurugika kweli. Lakini maji yakienda mita 2 kwa sekunde, tayari yana msukosuko wa kuyachanganya, na mtetemo ule ule hauongezi cha maana.

Gharama yake je? Mtetemo huo unalisukuma bomba kwa mchapuko unaofikia mara kumi ya ule wa mvutano wa dunia, na kwa siku moja tu linakwenda na kurudi zaidi ya mara milioni 4. Chuma huchoka, viungo hulegea. Katika kituo cha nyuklia cha San Onofre, Marekani, mitetemo iliyoletwa na mtiririko wenyewe ilisugua mabomba ya jenereta za mvuke hadi moja likavuja Januari 2012. Mwaka uliofuata ikaamuliwa kisiwashwe tena. Mtetemo ule haukukusudiwa, kweli, lakini anayeukusudia naye lazima aonyeshe jinsi atakavyouzuia usile bomba lake.

Mimi nauunga mkono kwa vimiminika vizito, kama mafuta mazito, ambavyo ni ghali kuvisukuma hadi vipate msukosuko. Kwingineko nina shaka, hasa ninaposoma ripoti inayotaja joto lililoongezeka bila kutaja umeme uliotumiwa na kitetemeshi. Umeme huo huo ungeongezewa pampu, joto lingepanda kiasi gani? Na utepe wa chuma uliosokotwa ndani ya bomba ili kuyazungusha maji, usiohitaji mota yake, ungefanya nini? Bila majibu hayo mawili, siwezi kumshauri mtu afunge kitetemeshi.