Penix namba 8: kosa lilikuwa la Machi, si la Aprili

Usiku wa Aprili 25, 2024, jijini Detroit, Atlanta Falcons, klabu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, walitumia chaguo la 8 la drafti kumchukua Michael Penix Jr., kwotabaki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi) wa Chuo Kikuu cha Washington. Wiki sita kabla yake, klabu hiyohiyo ilikuwa imempa kwotabaki mwingine, Kirk Cousins, mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 180, milioni 100 kati ya hizo zikiwa za uhakika. Hata kabla raundi ya kwanza haijaisha, wachambuzi wengi wa Marekani walishaupa uamuzi huo alama za chini. Mashabiki wa Atlanta wakagawanyika. Wako waliokubaliana na wachambuzi, na wako walioona timu yao inaonewa na watu wanaoikumbuka siku ya drafti tu.

Kwa aliyezoea ligi zetu, ambako Simba na Yanga husajili kwa kuzidiana dau, drafti inahitaji maelezo kidogo. Klabu 32 za NFL hupokezana kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni, kwa raundi saba, zilizofanya vibaya zikitangulia. Ukishamtaja mmoja umewaachia wenzako waliobaki wote. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mchezaji ni mzuri. Lazima uulize amechukuliwa badala ya nani, na timu itamtumia lini. Mabishano ya Atlanta yalikwama hapo: wachambuzi walizungumzia bei na wakati, mashabiki wakawajibu kwa kumsifia kijana.

Na sifa anazo. Msimu wa 2023 alitupa pasi za jumla ya yadi 4,903, akaifikisha Washington kwenye fainali ya taifa, ingawa walifungwa na Michigan 34-13. Waliomtia doa walirudi kwenye miaka yake katika Chuo Kikuu cha Indiana: misimu minne mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2021, ilikatishwa na majeraha, mawili ya goti la kulia na mawili ya bega. Mashabiki walijibu kwamba Washington alicheza misimu miwili bila kukosa mechi, na kwamba ripoti za madaktari inazo klabu, si mwandishi wa habari. Jibu hilo ni la haki. Alama za usiku wa drafti hutengenezwa hivi: mchambuzi anapanga orodha yake ya wachezaji, kisha anapima umbali kati ya nafasi aliyompa mchezaji na nafasi aliyochaguliwa. Ukiwa mkubwa, alama inashuka. Orodha hiyo hutegemea zaidi mikanda ya mechi. Vipimo vya magoti na mahojiano ya faragha, kwa sehemu kubwa, hubaki mikononi mwa klabu.

Mashabiki hupenda pia kumtaja Josh Allen. Buffalo walipomchukua namba 7 mwaka 2018, walichekwa kwa sababu chuoni Wyoming pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 56 tu, na leo ana tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa 2024. Ni kweli, lakini mfano mmoja hauhalalishi kila chaguo lililozomewa. New York Giants walizomewa na mashabiki wao wenyewe walipomchukua Daniel Jones namba 6 mwaka 2019, na mwaka 2024 walimwacha katikati ya msimu.

Hoja nzito ya wachambuzi haikuhusu goti. Ilihusu fedha, na hapa inabidi tufungue mkataba wa Cousins.

Alipewa dola milioni 50 za kusaini. Kwa kanuni za ligi, fedha hiyo hugawanywa kwenye miaka ya mkataba inapohesabiwa dhidi ya ukomo wa mishahara (jumla ya juu ambayo klabu inaruhusiwa kuwahesabia wachezaji wake kwa msimu), yaani milioni 12.5 kila mwaka kwa miaka minne. Mwaka 2024 alilipwa pia mshahara wa milioni 12.5, jumla ikawa milioni 25. Mwaka 2025 mshahara wa uhakika ulipanda hadi milioni 27.5, na ukijumlisha sehemu ya fedha za kusaini unapata milioni 40. Iliyobaki katika ile milioni 100 ni bonasi ya milioni 10 ya mwaka 2026, iliyokuwa iwe ya uhakika Machi 2025. Sasa chukulia klabu inataka kumwacha baada ya msimu mmoja, kabla ya bonasi hiyo. Sehemu tatu za fedha za kusaini ni milioni 37.5, mshahara wa uhakika ni milioni 27.5. Inabeba milioni 65 kwenye hesabu zake kwa mtu asiyechezea timu.

Penix kwa upande wake aliingia kwa mkataba wa takribani milioni 22.9 kwa miaka yote minne. Tangu mwaka 2011 mishahara ya wanaochaguliwa imewekewa kiwango, na hapo ndipo klabu hupata nafuu: ukiwa na kwotabaki mzuri kwa bei hiyo, zinazobaki unanunulia ulinzi. Ukimweka benchi huku mwenzake akihesabiwa milioni 40, nafuu yenyewe unaichoma. Klabu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano tu. Kama Penix angesubiri misimu mitatu, angeanza kucheza akiwa na miaka 27, mwaka wa nne wa mkataba.

Ndiyo maana mfano wa Green Bay, klabu iliyowahi kuwasubirisha makwotabaki wachanga, haukai vizuri Atlanta. Aaron Rodgers alichaguliwa namba 24 mwaka 2005 na kusubiri misimu mitatu nyuma ya Brett Favre, kisha Jordan Love akachaguliwa namba 26 mwaka 2020 na kusubiri nyuma ya Rodgers mwenyewe. Lakini wote wawili walikuwa na miaka 21, na waliokuwa mbele yao walikuwa wenye nyumba wa miaka mingi. Hakuna aliyeletwa wiki sita kabla kwa mamilioni mapya. Mfano unaokaribia zaidi ni wa Philadelphia, waliomchukua Jalen Hurts namba 53 mwaka 2020 wakati Carson Wentz alishaongezewa mkataba wa milioni 128 mwaka uliotangulia. Walilaumiwa vikali. Wentz akauzwa 2021, na Februari 2025 Hurts alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi. Shabiki akikutajia mfano huu, msikilize, ila mkumbushe kwamba namba 53 ni raundi ya pili. Namba 8 ni mali nyingine kabisa.

Kwa maoni yangu, kosa lilifanyika Machi. Kama klabu iliamini Penix anastahili nafasi ya 8, haikuwa na haja ya kumfunga Cousins kwa miaka miwili ya fedha za uhakika. Alikuwa na miaka 35 na alikuwa ametoka kukatika kano ya kisigino Oktoba 2023. Kwotabaki wa kupita, wa mwaka mmoja na bei ya chini, angetosha. Chaguo lenyewe lilieleweka: makwotabaki sita walichukuliwa ndani ya nafasi 12 za kwanza, Minnesota wakimchukua wao namba 10 na Denver namba 12. Aliyemtaka Penix hakuwa na nafasi ya kungoja raundi ya pili.

Uwanjani, kila upande ulipata cha kushika. Falcons walianza 6-3 (kushinda sita, kupoteza tatu), wakapoteza nne mfululizo. Katika mechi zake tano za mwisho Cousins alitupa pasi moja tu ya tachidauni (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) na pasi tisa zikanaswa na wapinzani, kisigino kikimzuia kuhama upesi kutoka alipo kama zamani. Penix akapewa mechi tatu za mwisho: akawapiga Giants 34-7, kisha akafungwa na Washington Commanders na Carolina Panthers, zote katika muda wa nyongeza. Msimu ukaishia 8-9. Kubadilisha kwotabaki katikati ya msimu kuna gharama isiyoonekana kwenye takwimu. Penix anatupa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo upande asiouona ni wa kulia, na jukumu la kumlinda mgongo linahama kutoka kwa mlinzi wa kushoto kwenda kwa yule wa kulia. Novemba 2025 goti lake la kushoto likaumia, msimu ukamwishia hapo, na Cousins wa milioni 40 akarudi uwanjani. Mashabiki wengine waliona bima imelipa. Mimi naona bima ya bei hiyo inafilisi.

Hoja ya wachambuzi iliyodumu kuliko zote ni ya waangushaji, wale walinzi wa pembeni wanaomfuata kwotabaki wamwangushe kabla hajatupa mpira. Atlanta walikuwa na njaa nao. Hadi nafasi ya 14 hakuna mchezaji hata mmoja wa ulinzi aliyekuwa amechaguliwa, maana yake namba 8 wangemchukua yeyote waliyemtaka. Walimchukua Bralen Trice raundi ya tatu, akaumia goti Agosti kabla ligi haijaanza. Wakatoa chaguo la raundi ya tatu kumpata Matthew Judon kutoka New England. Bado timu ilimaliza na waangusho 31, wa pili kwa uchache katika ligi. Drafti ya 2025 wakamchukua Jalon Walker namba 15, kisha, ili wampate James Pearce Jr. namba 26, wakatoa chaguo la 46 pamoja na la raundi ya kwanza la 2026. Aliyepokea chaguo hilo ni Los Angeles Rams, timu ileile iliyomchukua Jared Verse namba 19 mwaka 2024, nafasi 11 baada ya Penix, na kumwona akitwaa tuzo ya mchezaji bora mpya wa ulinzi.