Kapsuli ya bibi imegoma: tramadoli, dawa za sonona na hofu tuliyoielekeza kusiko

Ukishinda nusu siku kwenye famasi karibu na stendi ya Moshi, mtu wa namna hii hutamkosa. Bibi wa miaka sabini na kitu, ameshuka na daladala kutoka Kibosho, khanga kiunoni, kadi mbili za kliniki mkononi. Kadi moja ni ya kisukari: miguu inawaka moto usiku, amepewa tramadoli. Nyingine ni ya daktari mwingine aliyemwandikia fluoksetini, dawa ya sonona, miezi kadhaa baada ya kumzika mumewe, kwa sababu alikuwa hali, halali, haongei.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hizi kapsuli zenu hazinifanyi kitu. Nipe za nguvu zaidi."

Muuzaji anamtazama mara mbili. Siku hizi mtu akiomba tramadoli zaidi, hata akiwa na mvi, jicho la kwanza linalomtazama ni la kumshuku.

Bibi huyu nimemtunga, lakini kadi zake si za kutunga. Dawa za maumivu za jamii ya afyuni na dawa za sonona hukutana mwilini mwa mtu mmoja mara nyingi, kwa kuwa maumivu ya muda mrefu na huzuni ya muda mrefu hupenda kukaa nyumba moja. Swali linaloulizwa zaidi kuhusu mkutano huo ni hili: je, zitamuua? Nadhani ni swali halali, ila kwa wagonjwa wengi si ndilo la kwanza.

Tuanze na wanaoogopa, maana wana sababu. Tramadoli ilitengenezwa na kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani mwaka 1962 na ikaingia sokoni huko mwaka 1977. Ina tabia mbili. Kwanza, ikishabadilishwa na ini, zao lake hushika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na mofini. Pili, yenyewe kabla ya kubadilishwa huzuia serotonini na noradrenalini zisirudishwe kwenye mishipa ya fahamu zilikotoka. Tabia hiyo ya pili ndiyo hasa kazi ya dawa za sonona. Ukizipa dawa mbili kazi moja, serotonini inaweza kufurika: mgonjwa anatetemeka, anatokwa jasho, anahangaika, moyo unakwenda mbio, misuli inakakamaa na kurukaruka, joto linapanda. Zaidi ya hapo tramadoli peke yake inaweza kuleta mishtuko ya kifafa, hasa ukivuka miligramu 400 kwa siku, na dawa za sonona huisogeza hatari hiyo karibu.

Historia nayo inawaunga mkono. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York. Alikuwa anatumia fenelzini, dawa ya sonona ya kizazi cha zamani, akachomwa pethidini, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Kesi yake ilichangia hadi jimbo hilo likapunguza saa za kazi za madaktari walio mafunzoni. Pethidini wengi wetu tunaijua, hasa waliofanyiwa upasuaji. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa jamii nzima ya dawa za afyuni zikitumika pamoja na dawa zinazopandisha serotonini. Kwetu hapa kuna ugumu wa ziada. Mtu akifika zahanati anatetemeka, ana joto na jasho, wazo la kwanza ni malaria. Kipimo kikitoka safi, linafuata taifodi. Swali la "unameza dawa gani nyumbani?" linaweza kuja la nne au lisije kabisa.

Upande wa pili hausemi kwamba hatari hiyo ni hadithi. Unasema ni nadra kwa dozi za kawaida, hasa na dawa za sonona za kisasa, na kwamba kukataza kabisa kuna gharama yake. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba katika tani karibu 299 za dawa za afyuni zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa uzito wa mofini, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Tanzania wakati huo ilikuwa bado katika kundi hilo. Ukimwondolea tramadoli mgonjwa wa Marekani kuna dawa nyingine rafu ya pili. Ukimwondolea mgonjwa wa Boma Ng'ombe, unaweza kuwa umembakizia diklofenaki ya kumla figo, na figo za mwenye kisukari hazina akiba ya kupoteza.

Isitoshe, baadhi ya dawa za sonona ni dawa za maumivu zenyewe. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuwaka na kuchoma, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kundi la amitriptilini lilihitaji kutibu watu kama 3.6 ili mmoja apate nafuu ya maana. Tramadoli ilihitaji 4.7. Yaani dawa tunayoiita ya "wagonjwa wa akili" iliishinda ile tunayoiita kali. Nimeona watu wakirudisha amitriptilini dirishani kwa sababu jirani aliwaambia ni ya vichaa.

Hadi hapo ningesema wanaotetea wana uzito zaidi kidogo kuliko wanaoogopa. Lakini pande zote mbili zinabishana juu ya mafuriko, wakati bomba la bibi limekauka.

Tramadoli inayomezwa ni kama mahindi ambayo hayajafika mashineni. Mashine ni kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6. Ndicho kinachosaga tramadoli kuwa zao lenye nguvu ya afyuni. Fluoksetini na mwenzake paroksetini, nayo dawa ya sonona, huifunga mashine hiyo karibu kabisa. Matokeo yake ni ya ajabu: sehemu inayotuliza maumivu inapungua, na sehemu inayopandisha serotonini inabaki nyingi kwenye damu. Mgonjwa anapata hasara ya pande zote mbili. Watafiti wa Denmark walilionyesha hili mwaka 2005 kwa watu 16 wenye afya: waliopewa paroksetini kabla ya tramadoli walipata nafuu ndogo ya maumivu. Kodeini, dawa nyingine ya maumivu ya jamii ya afyuni, nayo hutegemea mashine hiyohiyo.

Sasa mrudie bibi wetu. Hana uteja. Kapsuli zake hazisagwi. Akiongezewa dozi kama anavyoomba, kinachoongezeka zaidi ni ile sehemu inayoleta mtetemeko na kifafa. Akinyimwa kwa kushukiwa, anarudi nyumbani na maumivu pamoja na aibu. Madhara haya hayafiki wodini, kwa hiyo hayaandikwi popote kama madhara ya dawa. Yanaandikwa, kama yakiandikwa, "mgonjwa anasumbua".

Kuna jambo jingine linaloufanya ushauri wa vitabu vya Ulaya utoshe nusu tu. Mashine hiyo ya ini haifanani kwa watu wote. Huko Ethiopia, utafiti uliwahi kukuta asilimia 29 ya watu wana nakala za ziada za jeni lake, hivyo kodeini au tramadoli hugeuka haraka mno na dozi ya kawaida inaweza kuwapumbaza. Upande mwingine, aina ya jeni iitwayo *17, inayosaga polepole, ni ya kawaida Afrika kuliko Ulaya. Moshi ni mji wa njia panda. Hakuna dirisha la famasi linaloweza kukisia ini la mtu kwa kumtazama.

 

Njia zipo, na hazihitaji maabara ya jeni. Sertralini na sitalopramu, dawa nyingine za sonona, haziifungi mashine hiyo kwa kiwango cha fluoksetini, ingawa suala la serotonini linabaki. Mofini ya maji haipiti CYP2D6, na huduma za tiba shufaa (za kumpunguzia mgonjwa mateso) katika hospitali za kanisa la Kilutheri, KKKT, kama Selian kule Arusha zimeizoea. Tatizo ni kwamba kwetu neno mofini limeshikana na saratani ya mwisho, na bibi wa kisukari hafi. Kwa maumivu yake si chaguo la kwanza pia.

Wengine watasema: aache zote mbili, apewe amitriptilini kidogo usiku, iwe imeua ndege wawili. Linavutia, lakini lina mitego. Dozi ndogo inayotuliza miguu kwa kawaida haitoshi kutibu sonona. Kwa mzee inaweza kumwangusha usiku akienda chooni, na inahitaji moyo uangaliwe kwanza. Tena amitriptilini nayo huondolewa mwilini kwa kimeng'enya hichohicho, hivyo ikikutana na fluoksetini hupanda kwenye damu kuliko dozi iliyoandikwa. Hizi si dawa za kuacha ghafla kwa ushauri wa dirishani wala wa makala kama hii. Mwandikaji wa kadi ya kwanza anatakiwa aione ya pili.

Na hata akiiona leo na kubadilisha leo, fluoksetini na zao lake huchukua wiki kadhaa kutoka mwilini, wakati mwingine hadi tano. Muda wote huo mashine ya ini bado imefungwa. Bibi atapanda daladala ya Kibosho akiwa na dawa mpya na miguu ileile inayowaka, na mtu wa famasi inabidi amweleze hivyo kabla hajavuka barabara, asije akadhani na hii nayo imegoma akaanza kumeza mbili mbili.